Kwake Yaliyopita Ndiyo Ndwele

Ndugu zangu, wazee wetu walitufunza: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hiyo imezima ugomvi mwingi majumbani. Lakini kwa mtu aliyerudi na kiwewe cha vita, nawaomba tusiitumie. Kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Mlango ukibamizwa, yuko kulekule. Akinusa moshi, yuko kulekule. Kumbukumbu ile haina siku wala mahali. Inamvamia kama jambo la sasa hivi.

Huko Imvepi, kaskazini mwa Uganda, Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliwatibu wakimbizi wa Sudan kwa simulizi. Katika tiba hii mgonjwa hutandaza kamba sakafuni: ndiyo maisha yake tangu azaliwe. Penye furaha huweka ua, penye balaa huweka jiwe. Kisha huanza kusimulia kwa mfuatano, kikao baada ya kikao.

Akifika kwenye jiwe, mshauri hamharakishi. Hapa ndipo wengi wetu tungemwambia kwa huruma, "Basi, yaache, usijiumize." Mshauri huuliza: uliona nini? Ulisikia harufu gani? Moyo ulikuwa unakwendaje, na sasa je? Mgonjwa hutetemeka, hulia. Lakini yuko hapa, leo, na mtu ameketi naye. Hofu hupanda, na asipoikimbia, hushuka. Kikao hakifungwi kabla haijashuka. Kumwacha mtu katikati ya hofu ni kumjeruhi upya. Tafadhali, asijaribu asiyefunzwa.

Kule Imvepi, baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya waliosimulia walikuwa bado wagonjwa. Kwa waliopewa ushauri wa kuwatia moyo, asilimia 79. Lakini wote kwa jumla walikuwa watu 43 tu. Mimi huuthamini zaidi utafiti wa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, uliochapishwa 2008, wa Wanyarwanda na Wasomali 277. Huko asilimia 70 ya waliosimulia hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa, ingawa ushauri mwingine wa kiwewe nao ulifikia 65, wasiotibiwa, 37. Na waliotibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa wiki sita!

Siku ya mwisho mshauri humsomea mgonjwa maisha yake yote, yaliyoandikwa tangu kikao cha kwanza. Penye kosa, mgonjwa husahihisha. Kisha mgonjwa hutia saini, na karatasi zile huondoka nazo mwenyewe.