Mikono Iliyofungwa Miaka Ileile

Mhadhara huu ulitolewa kwa lugha ya alama mjini Tabora mbele ya waalikwa, na mkalimani akautoa kwa sauti. Mzungumzaji ndiye aliyeuandika baadaye. Majina ya waliokuwepo hayatajwi.

Mwangaluka, ndugu zangu.

Asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kuacha simu pale mlangoni kama tulivyoombana. Sababu mnaijua. Mimi ni mwanamke, ni kiziwi, ni Mnyamwezi wa hapahapa, na ninawapenda wanawake. Katika nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumpeleka mtu jela maisha kwa mapenzi yanayoitwa kinyume cha maumbile, kuchu, ndivyo tunavyojiita watu wa namna yangu, hatangazi habari zake stendi. Dada yetu mkalimani amekubali kuyabeba maneno haya kwa sauti yake, na hilo si jambo dogo. Asante sana, dada.

Leo nazungumza kama shabiki. Shabiki akipenda kitu hakiachi. Anauliza kimetoka wapi, nani alikitengeneza, kuna nini nyuma yake. Historia ninayoijua nimeipata kwa njia hiyo, nikianzia kwenye tamthilia na kuishia kwa watemi wetu Mirambo na Isike.

Januari 2024 ilitoka tamthilia fupi ya Kimarekani iitwayo Echo, vipindi vitano kwa mpigo. Mhusika mkuu, Maya Lopez, ni kiziwi, mguu wake mmoja ni wa bandia, na ni wa taifa la Choctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani. Anayemwigiza, Alaqua Cox, ni kiziwi kweli, anavaa mguu wa bandia kweli, na asili yake ni taifa la Menominee. Mmoja wa waongozaji, Sydney Freeland, ni wa taifa la Navajo na ni mwanamke trans, yaani alipozaliwa alihesabiwa wa kiume. Sinema tulizokulia zilimleta kiziwi achekwe, au aombewe mpaka apone mwishoni watu wapige makofi. Maya haponi, na hakuna anayemwombea apone. Anapigana, anakosea, anagombana na ndugu zake, anakula na bibi yake.

Kuna jambo moja humo ambalo mashabiki viziwi tulilijadili kwa wiki kadhaa. Mtu aliyemlea Maya kama binti yake ni tajiri na jambazi, Wilson Fisk. Miaka yote hiyo alikuwa akiongea naye kupitia mkalimani. Mwishoni anamletea kifaa cha kisasa kinachotafsiri maneno yake papo hapo, naye anakiona ni zawadi kubwa. Lugha yenyewe hakuwahi kujifunza. Pesa anayo, nguvu anayo, upendo anadai anao, lakini mikono yake hajawahi kuisumbua. Ni viziwi wangapi wa Tabora wana baba wa namna hiyo? Anakulipia ada, anakununulia viatu vya sikukuu, na mkikaa mezani jioni anakuonyesha sahani kwa kidole. Namsema kwa uchungu kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye nyumba yake.

Kutoka kwa Maya nikaingia kwenye historia ya mataifa yale, na humo nikakuta lugha ya mikono. Katika nyanda kubwa za katikati ya Marekani, makumi ya mataifa yenye lugha tofauti kabisa yalikuwa na lugha moja ya alama. Waliitumia kwenye biashara, kwenye mikutano ya amani, kwenye uwindaji, na kwenye kusimulia hadithi. Waliitumia wanaosikia na viziwi pamoja. Kiziwi aliyezaliwa katika jamii ile alikuta lugha yake tayari inasemwa na mjomba wake, na chifu wake, na mgeni aliyekuja kuuza farasi. Septemba 1930, huko Browning katika jimbo la Montana, wazee wa mataifa mbalimbali walikutana wakaongea kwa mikono mbele ya kamera, na picha zile zipo hadi leo. Unamwona mzee amekaa, mikono inapanda na kushuka bila haraka, wenzake wanacheka mahali pa kucheka.

Niliziangalia nikarudia, nikarudia tena. Hakuna aliyemhurumia mwenzake pale. Kiziwi angekaa katika duara lile, ulemavu wake ungekuwa uko wapi? Naamini, na ndilo neno nililokuja kulisema leo, kwamba sehemu kubwa ya ulemavu wangu haimo masikioni. Imo kwenye uamuzi uliofanywa na watu fulani kwamba lugha halali ni ile inayotoka mdomoni, tena mdomo wa mtu wa aina fulani. Uamuzi huo una tarehe.

Fuateni tarehe hizi pamoja nami. Mwaka 1879 ilifunguliwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania. Watoto wa mataifa ya asili walichukuliwa mbali na wazazi wao, wakanyolewa nywele, wakapewa majina ya Kiingereza, wakakatazwa lugha za kwao. Septemba 1880, mjini Milan, walikutana walimu wa viziwi, karibu wote watu wanaosikia, wakapitisha azimio kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na alama ziondolewe darasani. Ilipita zaidi ya karne moja, mpaka 2010 mjini Vancouver, ndipo kongamano lilelile likatamka kujutia azimio hilo. Mwaka 1883 Alexander Graham Bell, ambaye sisi tunamjua kwa simu, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake wa Marekani akaonya kwamba viziwi wakioana wao kwa wao watazaa jamii nzima ya viziwi. Mama yake mzazi hakusikia vizuri, mke wake alikuwa kiziwi, na bado aliyasema.

Novemba 1884 ukaanza mkutano wa Berlin, wa kuwekeana masharti ya namna ya kuichukua Afrika. Wakiwa bado mezani, mwezi Desemba, Mirambo akafariki huko Urambo baada ya kuugua koo. Mtu aliyeziunganisha himaya ndogondogo za Unyamwezi, aliyewapiga Waarabu wa Unyanyembe kuanzia 1871 mpaka njia ya misafara ikafunga, aliondoka mwaka uleule ambao ardhi yake ilikuwa inazungumzwa na watu wasioijua. Miaka minane baadaye ikafika zamu ya Isike. Januari 1893 Wajerumani chini ya Tom von Prince waliivunja ngome yake hapa Unyanyembe, naye akajilipua kwenye ghala la baruti kuliko kukamatwa mzima. Walimkuta anakata roho, wakamnyonga hivyohivyo.

Sidai kwamba watu wa Carlisle, Milan na Berlin walikaa pamoja kupanga. Hawakuhitaji kupanga. Wote walishaamini kwamba kuna mwili mmoja sahihi, lugha moja sahihi, ndoa moja sahihi, na kazi yao ni kuwanyoosha wengine wote. Mtoto wa Choctaw, kiziwi wa Ulaya na mtemi wa Kinyamwezi walifikiwa na mkono uleule katika miaka ileile. Na kuchu yumo, tena mapema kabisa. Mwaka 1886 mtu wa taifa la Zuni, mojawapo ya mataifa yale ya wenyeji wa Marekani, aitwaye We'wha alifika Washington na kupokelewa na Rais Cleveland. We'wha alizaliwa wa kiume, akaishi na kuvaa na kufanya kazi za wanawake, fundi hodari wa kufuma na kufinyanga, na kwa Wazuni alikuwa na nafasi yake ya heshima inayojulikana kwa jina. Wenyeji wake wa Washington walimwona wakadhani ni mwanamke kama wanawake wengine. Watu wakiniambia kwamba kuwa hivi nilivyo tumeletewa na wazungu, namkumbuka We'wha. Sheria inayotutisha leo ndiyo iliyoletwa, ilikuja na utawala wa Waingereza.

Sasa turudi nyumbani, kwenye jambo linaloniuma zaidi. Wasafiri waliopita Unyamwezi waliandika sana. Waliandika bei ya kitambaa na shanga, idadi ya pembe za ndovu, majina ya vituo kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na namna wapagazi wetu walivyokuwa wanatembea na kuimba. Kiziwi simwoni humo. Siwezi kuamini kwamba katika maelfu ya wapagazi hapakuwa na hata mmoja asiyesikia, maana kubeba mzigo kwenda pwani kunahitaji mabega na miguu. Alikuwa anaelezwaje kwamba wanaondoka alfajiri? Nani alikuwa anatembea mbele yake? Hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna aliyeandika.

Tusifanye hivyohivyo kwa mara ya pili. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki hapa Tabora mwaka 1963. Dar es Salaam haikuwa nayo, Arusha haikuwa nayo. Watoto walikuja kutoka mbali kwa treni, wengi hawajawahi kumwona kiziwi mwingine maishani, na bwenini usiku wakatengeneza lugha. Shule nyingine zilipofunguliwa, kila moja ikakuza alama zake, ndiyo maana mzee wa Tabora akikutana na mzee wa shule ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, mwanzoni wanatazamana kwanza. Juhudi za kuwa na Lugha ya Alama ya Tanzania iliyo moja ni nzuri na naziunga mkono, vijana wanaihitaji shuleni na mahakamani. Lakini zile alama za mwanzo, za bwenini, wanazo watu wachache, nao wanazeeka.

Hapo ndipo maisha yetu ya mtandaoni yanapoingia, nami nitayasemea kwa nguvu, kwa sababu watu wazima wengi wanaona ni mchezo wa watoto. Mnakijua kibanda umiza. Filamu inawekwa, na dijei anatafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, anatia chumvi, ukumbi mzima unaangua kicheko. Ni sanaa, wala siibezi. Kiziwi aliyekaa kwenye benchi moja nao anaona midomo inayosema Kikorea na watu wanaocheka. Hata akijua kusoma midomo, midomo ile haisemi alichokisema dijei.

Mtandaoni tulikutana vijana wa Tabora, Kigoma, Mwanza, Mombasa, tukaanza kuandika maandishi ya Kiswahili chini ya picha sisi wenyewe. Ni kazi ya subira. Unasimamisha picha pale mtu anapofungua mdomo, unaandika dakika na sekunde, unaachia, unasimamisha anapofunga. Mistari isizidi miwili, maana macho ya kiziwi yana kazi ya kuangalia uso pia. Mlango unaogongwa nje ya picha lazima uandikwe, la sivyo kiziwi anashangaa kwa nini wote wamegeuka. Ngoma ikipigwa kwa mbali, unaandika kwamba ngoma inapigwa kwa mbali. Katika kazi hiyo nilijifunza Kiswahili kizuri kuliko darasa lolote nililokaa. Na humo ndani, wakati tunabishana kama mhusika fulani anampenda rafiki yake wa kike au ni urafiki tu, mmoja akaandika, mimi pia niko hivyo. Wa pili akajibu. Hakuna aliyetoka kwenye kundi. Nilisoma ujumbe ule nimekaa kwenye mkeka, jirani anatwanga, na kwa mara ya kwanza sikulazimika kuchagua ni nusu gani yangu iingie chumbani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 30 kwamba tuna haki ya kufurahia filamu na vipindi vya televisheni kwa njia tunayoifikia, na kwamba utamaduni wa viziwi na lugha za alama vitambuliwe. Kwa hiyo anayeandika maandishi ya chini ya picha anatekeleza haki iliyotiwa saini na serikali yake. Msiruhusu mtu awaambie mnapoteza bando.

Mtandao una meno pia. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wakati huo alitangaza kikosi cha kuwasaka watu wa mapenzi ya jinsia moja na kuwataka wananchi wapeleke majina. Serikali ilisema huo si msimamo wake, lakini watu walikwishafuta kurasa zao na wengine wakahama nyumba. Kwa kiziwi hatari ni mbili, kwa sababu lugha yetu ni uso. Anayesikia anaweza kutuma sauti bila sura. Mimi nikisema lolote kwa video, nimeshajitambulisha.

Basi ombi langu liko hivi. Wale wazee wa bweni tuwarekodi mwaka huu, wakiongea kwa alama zao wenyewe, bila mtu kuwasahihisha. Waulizwe treni, chakula, walimu, namna walivyokuwa wanaitana gizani. Mwanga uwe mbele yao, nguo isiyo na maua, picha ianzie kiunoni ili mikono isikatwe. Kila mzee aamue mwenyewe kama inaonyeshwa kwa watu au inakaa kwa familia tu, na aamue baada ya kuitazama. Kwanza tunahifadhi kwenye kadi mbili, zikae nyumba mbili tofauti, hakuna kupandisha mtandaoni. Maandishi ya Kiswahili tutaandika sisi mashabiki, mkono huo tunao tayari.

Kaka aliyekaa karibu na dirisha ana daftari. Mwenye mzee, mwenye kamera, na mwenye chumba chenye ukuta mweupe, amwone kabla hatujarudishiwa simu.