Mbwa wa Mbio Anapougua: Mhadhara kwa Wanaomlea

Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nawashukuru waandaaji kwa kunipa jioni hii. Naona wapo waliokuja na mbwa wao, na wapo waliokuja kusikiliza kabla ya kuamua kumchukua mbwa wa mbio aliyestaafu. Karibuni nyote. Leo sitazungumzia namna ya kumzoesha mbwa kupanda ngazi wala kulala sebuleni. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya wanyama hapa Uingereza, na nimekuja kuzungumzia miaka ya mwisho ya greihaundi, yaani aina hiyo ya mbwa wa mbio, kwa kuwa huko ndiko ninakowaona watu wanaompenda mbwa wao kwa dhati wakifika wakati umeshapita.

Mbio za mbwa kwenye kiwanja cha duara, wakimfukuza sungura bandia anayevutwa na mashine, zilianzia Marekani na zikafika Belle Vue, Manchester, Julai 1926. Tangu hapo vizazi na vizazi vya greihaundi vimechaguliwa kwa kigezo kimoja, kasi. Wengi wanaokimbia hapa huzaliwa Ireland, na wakifika miaka minne au mitano wanastaafishwa, wengine mapema zaidi kwa kuumia. Viwanja vyenyewe vinapungua. Wapigakura wa Florida waliamua mwaka 2018 mbio hizo zikome, New Zealand ikatangaza kuzifunga Desemba 2024, Wales nayo Februari 2025. Kwa hiyo mbwa wanaotafuta nyumba bado wapo na watazidi kuwapo. Anayeingia kwako ana miaka minne anaweza kufika kumi na miwili au zaidi. Mashabiki walipata miaka yake ya nguvu. Uzee wake wote ni wako.

Na uzee huo unakuja katika mwili usiofanana na wa mbwa wengine. Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi ambao mbwa wenu hutibiwa na daktari asiyeona greihaundi mara kwa mara. Chembe nyekundu katika damu ya mbwa wa kawaida huwa asilimia 37 hadi 55. Kwa greihaundi mzima ni 50 hadi 65. Basi akipimwa akakutwa na 40, karatasi ya maabara itaandika yuko sawa, kumbe amepungukiwa na damu. Upande wa pili, chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, huwa chache kwa kawaida yake. Homoni ya tezi ya shingo huwa chini. Na kreatinini, taka ya misuli inayopimwa ili kujua hali ya figo, huwa juu kwa sababu ya wingi wa misuli. Nimeona mbwa wazima wakianzishiwa vidonge vya tezi visivyowahusu, na wenye mbwa wakipewa habari ya figo kufa wakati figo ni nzima. Daktari Guillermo Couto na wenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Ohio State, walifanya kazi kubwa ya kuonyesha tofauti hizi, na makala zao zipo kwa daktari yeyote atakaye kuzisoma. Mpime mbwa wako damu angali mzima, uiweke ile karatasi. Siku akiugua, hiyo ndiyo daktari atakayolinganisha nayo.

Jambo jingine ni upasuaji. Greihaundi ana mafuta machache sana mwilini, na ini lake huchelewa kuondoa baadhi ya dawa za usingizi, kwa hiyo daktari achague dawa akijua anamlaza mbwa wa aina gani. Pia baadhi yao huvuja damu siku ya pili au ya tatu baada ya kupasuliwa, wakati mwenyewe keshatulia na kudhani hatari imepita. Ukiona michubuko inasambaa chini ya ngozi, mrudishe siku hiyo hiyo. Iko dawa ya kuzuia hali hiyo, asidi ya traneksamiki, na unaweza kuiulizia kabla hajapasuliwa.

Sasa nifike kwenye lililonileta hasa. Greihaundi wako akichechemea, usimngoje.

Najua kuchechemea kuna sababu nyingi, na nyingi si za kutisha. Ipo sugu ya unyayo, ambayo huwasumbua greihaundi kuliko karibu mbwa wote: kiini kigumu cha duara kinachoota kwenye nyama ya kidole. Utaitambua kwa kumtembeza. Kwenye nyasi anakwenda vizuri, akikanyaga lami au kokoto anaunyanyua mguu. Yapo pia majeraha ya zamani ya kiwanjani. Mbio hizi huzunguka kushoto, kwa hiyo mguu wa nyuma wa kulia ndio unaobeba shinikizo kwenye kona, na kifundo chake ndicho huvunjika. Mfupa uliowahi kuvunjika huleta baridi yabisi uzeeni. Ndiyo maana mnapomchukua mbwa ombeni historia ya majeraha yake.

Lakini ipo saratani ya mfupa, na miongoni mwa greihaundi ndiyo mojawapo ya sababu kubwa za vifo. Hupenda kukaa mahali panapojulikana: mguu wa mbele, juu kidogo ya kifundo au karibu na bega, na mguu wa nyuma kuzunguka goti. Juzijuzi mama mmoja alituletea dume jeusi la miaka tisa. Alikuwa ameambiwa kwingineko kwamba ni misuli, ampumzishe, na alimpumzisha wiki sita. Tulimlaza chini juu ya blanketi, nikashika mguu wa mbele na kushuka nao polepole kwa vidole. Juu ya kifundo palikuwa na uvimbe mdogo, mgumu, wenye joto. Mbwa hakulia. Aligeuza tu kichwa akaweka mdomo juu ya mkono wangu. Picha ya eksirei ilipotoka, mfupa ulionekana kama mbao iliyoliwa na mchwa.

Huo ukimya ndio unaotuponza. Greihaundi akichomwa na nyuki atapiga kelele mtaa mzima usikie, lakini kwa maumivu ya mfupa yanayopanda taratibu hunyamaza. Tazameni mengine: anahema usiku bila joto, anasita kuingia garini, haachi tena miguu ikanyooka anapolala. Ukiyaona hayo pamoja na kuchechemea, omba eksirei. Usikubali wiki mbili nyingine za kupumzika. Mfupa wenye saratani unaweza kuvunjika kwa kuruka kitandani tu, na maumivu ya hapo siwezi kuwaelezea. Na tafadhali, msimpe ibuprofeni ya kabatini kwenu. Ni sumu kwake.

Ikithibitika ni saratani, njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza ni kuukata mguu na kufuatisha tibakemikali, yaani dawa za kuua saratani. Watu hushtuka wakisikia kukata, ila mbwa huyu mwembamba mara nyingi hutembea kwa miguu mitatu baada ya siku chache, kwa kuwa mguu uliokuwa ukimuuma umeondoka. Mguu ukikatwa bila tibakemikali, wengi huishi miezi minne au mitano; ikiongezwa, wengi hukaribia mwaka, na kama mmoja kati ya watano hufika miaka miwili. Kwa kawaida ugonjwa unapogunduliwa mbegu zake zimeshafika mapafuni, hata kama eksirei haizioni. Njia ya pili ni kutuliza maumivu kwa vidonge, au kwa mionzi pale inapopatikana, na kukubali kwamba ni suala la wiki au miezi michache. Gharama za njia ya kwanza ni kubwa mno, na bima haigusi ugonjwa ulioanza kabla hujaichukua, kwa hiyo bima ichukuliwe wiki ile ile unayomleta mbwa nyumbani. Mwenye kuchagua njia ya pili kwa sababu ya umri wa mbwa au ya mfuko wake hajamsaliti mnyama wake. Nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu nimewaona watu wakiondoka kliniki wameinamisha vichwa kana kwamba wametenda kosa.

Siku ya kumpumzisha, yaani kuyamaliza maisha yake kwa sindano, lazima mwenyewe uiamue, na uamuzi huo ni sehemu ya malezi sawa na chakula na koti la baridi. Uanze kuuandaa angali mzima. Chagueni mambo matatu anayoyapenda. Greihaundi hulala chali miguu hewani, hukuegemea pajani ukisimama jikoni, hukimbilia mlangoni akisikia mkufu wake. Akiugua, wekeni alama kwenye kalenda kila siku mambo hayo yanapokosekana. Siku mbaya zikizidi nzuri, pigeni simu.

Madaktari wengi huja nyumbani mkiomba. Kwanza hupigwa sindano ya kumtuliza. Mfunikeni, kwani hupoteza joto haraka. Kisha hunyolewa kipande kidogo mguuni. Mishipa yake ni minene na ngozi ni nyembamba, kwa hiyo mara nyingi sindano ya mwisho huingia bila taabu. Moyo husimama ndani ya dakika moja au mbili. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja baada ya hapo, au kujikojolea. Ni mwili tu, yeye keshaondoka. Nawaambia mapema ili lisiwatishe.

Baada ya hapo mtalia, na yuko atakayewapigia simu kutoka nyumbani tulikotoka aseme, "Ni mbwa tu, unalia nini?" Wengi wetu tulikua na mbwa wa ulinzi aliyelala nje, akala makombo, na kifo chake hakikuwa na tanzia. Msigombane na ndugu kwa hilo. Waislamu tuliomo humu tunaijua hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Kumjali mnyama si ugeni wa Ulaya. Blue Cross, shirika la hisani la wanyama hapa Uingereza, wana huduma ya kuwasikiliza waliofiwa na wanyama. Ipigieni simu bila haya. Watoto waambiwe wazi kwamba amekufa. Wakiambiwa kalala, wataogopa kulala wao.

Kama yupo mbwa wa pili nyumbani, mwacheni amnuse mwenzake. Aliyekulia mabandani huenda hajawahi kulala peke yake maishani, na atamtafuta. Saa za matembezi na chakula zisibadilike, na mmoja wenu alale karibu naye siku za mwanzo. Asipokula siku mbili, mleteni.

Mkiwa tayari kuchukua mwingine, ulizeni kama kuna wa miaka minane au tisa. Hao huombwa na wachache, na ninyi mtakuwa mmeshajifunza. Pale mezani nimeacha karatasi yenye vipimo vya kawaida vya damu ya greihaundi. Kila mmoja achukue yake ampelekee daktari wake. Sasa maswali, tuanze na dada pale nyuma aliyenyoosha mkono kitambo.