Kibali Mkononi, Ngalawa Mchangani

ZUBEDA: Haya jamani, tumerudi. Sauti yangu imepona, asanteni kwa pole. Wiki hii nimeshinda siku mbili ufukweni hapa Bagamoyo, jirani na soko la samaki, kibali cha Bodi ya Filamu kimo kwenye bahasha, na sikurekodi hata dakika moja.

MUSA: Siku ya kwanza nilikuwepo. Kilichokukwamisha ni barua.

ZUBEDA: Neno moja ndani ya barua, kaka! Mswada wetu wa filamu unasema ngalawa. Barua ya kupeleka mtaani tukaandika mashua. Mzee mwenye chombo akavaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, akaikunja, akanirudishia. "Mwanangu, mashua sina. Mimi nina ngalawa."

MUSA: Na ana haki. Ngalawa ni gogo limechongwa, lina matengo, yaani mbao za pembeni, huku na huku ya kulishika lisipinduke. Mashua ni mbao zimepigiliwa, tezi yake, yaani nyuma yake, ni bapa.

ZUBEDA: Sasa lile la pale kwa wauza pweza?

MUSA: Lile dau, dada. Limechongoka mbele na nyuma. Umezaliwa Dunda, hapa hapa Bagamoyo, wewe?

ZUBEDA: Nimezaliwa Dunda, lakini marehemu baba alikuwa fundi cherehani! Kwa hiyo chombo cha bluu chenye mashine...

MUSA: Boti.

ZUBEDA: Mbona umbo lake ni la mashua?

MUSA: Ilikuwa mashua. Ikafungwa mashine.

ZUBEDA: Basi bado ni mashua! Wasikilizaji, mvuvi yeyote atutumie ujumbe, huyu asinibabaishe.

MUSA: Ngoja turudi kwenye kibali. Mimi ningeanza kwa yule mzee, kabla ya ofisi yoyote. Yeye ndiye anayejua bamvua, yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, ni lini. Nyie mmejaza tarehe kwenye fomu, mkafika saa nne asubuhi maji yamekupwa, ngalawa zote zimelala mchangani. Hata barua ingekuwa sahihi, mngerekodi nini?

ZUBEDA: Hapana, kaka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi. Nikianza kwa mzee, atafuta safari ya baharini kwa ajili yangu, vijana wake wataacha nyavu. Kibali kikichelewa, nani atawalipa?

MUSA: Kwenda kumuuliza si kurekodi. Unakaa naye, unakunywa kahawa, unasikiliza.

ZUBEDA: Ukikaa naye umeshampa matumaini. Pwani hii watu wameahidiwa mengi na wenye kamera.

MUSA: Wameahidiwa na watu waliokuja na karatasi tayari! Karatasi ikishagongwa muhuri, mzee anaombwa nini tena? Anaarifiwa tu.

ZUBEDA: Mbona huyu alikataa, na tukaondoka? Muhuri haukumlazimisha.

MUSA: Alikataa neno. Angekataa kurekodiwa, mngeondoka?

ZUBEDA: Tungeondoka.

MUSA: Wewe ungeondoka. Wengine je?

ZUBEDA: Kwa hao wengine ndiyo nataka sheria itangulie. Hapo sisogei.

MUSA: Na mimi sisogei.

ZUBEDA: Haya. Nilikuwa na mambo matano ya kuwaelekeza wanaoanza, na fundi ananionyesha dakika moja. Droni ina ruhusa yake, Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Magofu ya Kaole nayo...

MUSA: Hatuwezi kuyamaliza, dada. Tuyaache.

ZUBEDA: Tuyaache. Alhamisi narudi ufukweni, mzee anasema maji yatakuwa yamejaa asubuhi mapema. Barua mpya imeandikwa ngalawa.

MUSA: Na ile ya bluu?

ZUBEDA: Mashua!