Kipimo cha Damu Kizuri, Mfupa Unaliwa

Assalamu alaikum, mama zangu na baba zangu wa Chake Chake.

Nianze na karatasi ya maabara, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Mama wa miaka 55 anapima damu, kalsiamu, madini yanayojenga mfupa, inasomeka 2.3, inayotakiwa ni baina ya 2.1 na 2.6. Anaambiwa yuko sawa, anarudi zake Micheweni moyo mkunjufu. Kipimo ni cha kweli, ila habari ya mfupa hakisemi kitu. Moyo na misuli haviendi bila kalsiamu, kwa hivyo mwili haukubali ishuke damuni. Ikipungua kidogo tu, tezi ndogo 4 za shingoni hutoa homoni inayoichota mfupani. Damu inatimia, mfupa unapungua.

Anayezuia uchotaji huo usipite kiasi ni estrojeni, homoni ya kike. Ndani ya mfupa mna chembe zinazobomoa na zinazojenga, usiku na mchana, na estrojeni hufupisha uhai wa zile zinazobomoa. Hedhi ikikoma, kinga hiyo huondoka. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke aweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa wake, wala haumwi. Anakuja kujua siku anainama kunyanyua gunia la mwani mbichi, pingili ya mgongo inabonyea. Na estrojeni ikipungua, ini nalo huondoa lehemu mbaya kwa uvivu, ikapanda damuni.

Akina baba, nanyi mna estrojeni. Sehemu ya testosteroni yenu, homoni ya kiume, hugeuzwa kuwa hiyo, nayo ndiyo hasa inayolinda mfupa wenu. Testosteroni yenyewe huhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu. Ndiyo maana mwanamume huhesabiwa ana upungufu wa damu himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Vijana mnaojidunga testosteroni mtune misuli, nawasihi muache: damu huwa nzito, na chembe nyekundu zikipita asilimia 54 ya damu, hatari ya kuganda ni kubwa.

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ina kama 300. Dagaa wakavu waliwe na miba yao. Ukiitoa, kalsiamu umeitupa. Jipimeni urefu ukutani, bila viatu: aliyepungua sentimita 4 tangu ujanani aombe picha ya mgongo. Na mama aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari (vifuko vya mayai) zote mbili, amwambie daktari mapema, kwani mfupa wake umeanza kupungua kabla ya wenzake.