Ugomvi wangu ni na kochi, si na runinga

Hamjambo, ndugu zangu. Naona wengine mmekuja mkiwa mmejiandaa kuambiwa mzime runinga. Sithubutu. Nami nina tamthilia yangu, na saa yake ikifika hata simu sipokei. Ninayegombana naye ni kochi, na leo nawaonyesha mazoezi ya kufanya huku mkitazama.

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa kutwa. Kondakta anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Basi ni lile lile, lakini maradhi ya moyo yaliwaandama madereva kuliko makondakta. Sasa jioni, wewe huwa nani? Mnacheka huko nyuma, madereva nawaona.

Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na angalau siku 2 za kuimarisha misuli. Gawa kwa siku 7: dakika 21 na ushei. Zamani zoezi lisilofika dakika 10 mfululizo halikuhesabiwa. Mwongozo wa 2020 ukaliondoa sharti hilo. Kwa hiyo hata muda wa matangazo ya biashara, ambao sijawahi kumsikia mtu akiusifu, unahesabika.

Naomba kiti hicho. Ahsante, mwanangu. Kisiwe cha magurudumu, na kiegemee ukuta. Ninakaa ukingoni. Nyayo zote sakafuni, visigino nimevirudisha nyuma ya magoti kidogo. Mikono kifuani. Nainamisha kiwiliwili mbele, natoa pumzi, nasimama. Kusimama si kazi. Kushuka ndiko watu wanakoiba, mtu anajibwaga kama gunia! Shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Makalio yakigusa kiti, inuka tena. Mara kumi tu, mapaja yatakupa habari. Zikikushinda, weka mto juu ya kiti ili safari iwe fupi. Goti likiuma kwa kuchoma, acha.

Ukiwa bado umesimama, shika mgongo wa kiti, kisha panda na ushuke kwa vidole vya miguu. Yale mashavu ya miguu yakijibana husukuma damu irudi juu kuelekea moyoni, na ukikaa saa tatu bila kutikisika yanakuwa yamelala.

Filamu ikiwa na maandishi chini, chagua zoezi linaloacha uso ukielekea kioo cha runinga. Kulala chali na kujikunja tumbo huku umepinda shingo kusoma maandishi ni kujitafutia dawa ya kuchua.

Na miguuni, jamani! Mimi nilianza kuruka papo hapo nikiwa na ndara, juu ya zulia linaloteleza, mpira ukiwa dakika za mwisho. Goli likaingia, nikageuka kushangilia, goti likaivaa meza, glasi ya maji ikamwagikia rimoti. Wajukuu wangu wanaigiza tukio lile mpaka leo. Kaa peku au vaa raba.

Mwenye maradhi ya moyo, au aliyetoka kupasuliwa, azungumze na daktari wake kwanza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha papo hapo, na kifua kisipoachia tafuta msaada haraka.

Haya, maswali. Mama pale mbele, karibu. Hapana, usijibwage hivyo baada ya kuuliza. Moja, mbili…