Upande wa Pili wa Mlima

Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi, karibuni. Nianze kwa kuuliza: nani hapa ametoka safu ya Rubeho, kule Mpwapwa? Naona mikono. Basi ninyi mnakijua kile kilima ambacho watu hupanda kutafuta mtandao. Mama yangu mdogo alikuwa akipanda kila jioni, simu ameifunga kwenye pindo la khanga, asubiri ujumbe wa pesa uingie. Wakala yuko bondeni, mtandao uko mlimani.

Mawimbi ya simu hayapenyi mwamba. Mnara ukisimama upande huu wa mlima, upande wa pili unabaki kivulini. Mawimbi ya masafa ya chini, yaani yanayotetema polepole, megahezi 700 hadi 900, hujipinda kidogo kwenye ukingo wa mlima. Ya megahezi 1800 hushindwa mapema. Ndiyo maana mchungaji aliye tambarare, kilomita 20 kutoka mnarani, anaongea vizuri, na mkulima aliye kilomita 3 nyuma ya mlima hapati kitu.

Mnara wenyewe nao lazima uonane na mwenzake, maana huko hupelekeana mawasiliano kwa mawimbi ya maikrowevu, kilele kwa kilele. Ukizimika mmoja wa katikati, yote iliyo nyuma yake inakuwa bubu. Na unazimika kwa nini? Mara nyingi ni umeme. Gridi ikiwa mbali, mnara unaishi kwa sola na betri, au kwa jenereta, na dizeli hupanda kwa njia ileile ambayo masika gari haipiti.

Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Nililipokea jambo hilo kwa furaha kubwa. Ila kata ya milimani ina mabonde mengi. Mnara ukiwaka kwenye bonde moja, kata nzima isihesabiwe kuwa imefikiwa. Tuhesabu mabonde, tena tuhesabu na saa ambazo mnara uko hewani.

Ninyi mnaosomea uhandisi nawaomba sana. Gari la kupima mtandao hufuata barabara, na nyumba nyingi haziko barabarani. Shukeni. Tembeeni mpaka nyumba ya mwisho bondeni, mpime kwa kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kwa sababu ndicho mama wa huko anacho.

Sasa wewe binti uliyenyoosha mkono wa kwanza, njoo mbele. Kwenu mnapanda kilima gani?