Kupima Uzito wa Kauli katika Kiingereza cha Kitaaluma

Mhadhara kwa wanafunzi wa uzamili wanaoandika tasnifu zao kwa Kiingereza

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mlioketi nyuma, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie lile neno ambalo wasimamizi huliandika pembeni mwa rasimu zenu na kuliacha bila maelezo: "Punguza uhakika." Unaupunguzaje? Na kwa nini uupunguze, hali data umeikusanya mwenyewe, kwa jasho lako?

Wengi huchukulia kwamba hili ni suala la adabu. Kiingereza cha wasomi kinapenda unyenyekevu, basi ukinyunyiza "may" na "perhaps" huku na kule umemaliza kazi. Sikubaliani kabisa. Hili ni suala la ukweli. Msomaji akikuta "may" anaelewa kwamba ushahidi wako umefika hapo na haujavuka. Ukiandika "may" mahali panapostahili "is", umempotosha sawasawa na yule aliyeandika "is" mahali pa "may".

Nianze na kosa hilo la kwanza, kwa sababu halisemwi sana. Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, yaani "Surgeon General", alitoa ripoti kuhusu uvutaji wa sigara. Jopo lake lilikuwa limepitia maelfu ya makala za kisayansi, na juu ya saratani ya mapafu halikuyumba: "Cigarette smoking is causally related to lung cancer in men." Kitenzi ni "is", na ugonjwa umetajwa kwa jina. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuweka onyo kwenye pakiti, na kuanzia 1966 pakiti zikasomeka hivi: "Caution: Cigarette Smoking May Be Hazardous to Your Health." Soma tena polepole. "Is" imekuwa "may be". Saratani imetoweka, imebaki afya kwa ujumla. Anayeonya naye hajulikani ni nani. Ilipofika 1970, sheria mpya ikaleta maneno mengine: "Warning: The Surgeon General Has Determined That Cigarette Smoking Is Dangerous to Your Health." Sasa yupo aliyesema, lipo alilolifanya mpaka akafikia kusema, na "is" imerudi. Kwa miaka ile ya katikati mvutaji alikuwa anasoma shaka ambayo wataalamu wenyewe hawakuwa nayo. Neno moja la herufi tatu lilibeba yote hayo, ndiyo maana siwezi kuliita pambo.

Walioipima kauli vizuri nao wapo. Jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, lilianzishwa mwaka 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na lile la Mazingira lenye makao yake Nairobi. Mwaka 1995 liliandika tu kwamba uzito wa ushahidi "suggests" mchango wa binadamu unaoweza kutambulika. Mwaka 2001 mchango huo katika ongezeko la joto ukawa "likely", 2007 "very likely", 2013 "extremely likely". Mwaka 2021 likasema "unequivocal", yaani hakuna shaka. Tena "likely" kwao ina kipimo: uwezekano wa asilimia 66 au zaidi, na "very likely" ni kuanzia 90. Kila mara ushahidi ulitangulia, neno likafuata.

Tuje kwenye rasimu zenu. Chukueni sentensi hii, ambayo ya namna yake naisoma kila mwaka: "This study proves that mobile money has reduced poverty among women traders." Tuseme mwandishi aliwahoji wanawake wa soko moja, kwa hojaji, mara moja tu.

"Proves" haiwezi kusimama. Hojaji ya mara moja haithibitishi chanzo cha jambo. Tuna "indicates", na tuna "suggests" iliyo nyepesi zaidi. Halafu "has reduced". Unaweza kuandika "may have reduced", lakini usikimbilie "could have reduced", kwa maana msomaji anaweza kuelewa kwamba umaskini ungepungua ila haukupungua. "Might have" nayo ina hatari hiyohiyo. Tukibadilisha vyote viwili tunapata "The findings suggest that mobile money may have reduced poverty." Imekuwa salama, lakini tumepunguza mara mbili, na mara nyingi moja inatosha. Wapo wanaofika hadi "it could perhaps be suggested that it might possibly". Hapo hakuna dai tena, na mtahini ana haki ya kuuliza umeandika nini.

Ila tatizo kubwa la sentensi ile bado liko palepale. Mwandishi hakupima umaskini. Aliwauliza wanawake, nao wakamwambia kwamba sasa wanaweka akiba kwa urahisi. Basi aandike hivyo: "Most of the traders interviewed reported that mobile money had made it easier to save." Hakuna "may" hata moja, na kila neno analo ushahidi wake. Kabla ya kuongeza neno la shaka, jaribu kwanza kupunguza dai lenyewe.

Vitenzi visaidizi vyenyewe nitavipitia upesi. "Can" husema jambo hutokea, ingawa si kila mara: "Malaria in pregnancy can cause miscarriage" ni elimu iliyokwisha kukubalika. "May" mara nyingi husema kwamba mimi mwandishi sina hakika. "The sample may not represent the district" maana yake huenda haiwakilishi. Ukiandika "cannot represent" umefunga mlango. Na kwa kuwa sisi tumezoea kutanguliza huenda na yamkini mwanzoni mwa sentensi, rasimu nyingi huanza na "Maybe", ambayo ni ya mazungumzo. Itie shaka ndani ya kitenzi, au tumia "perhaps".

Kuna pia viwakilishi visivyotaja mtu, "it" na "one". "It appears that" inamwondoa mwandishi mbele ya macho ili dai lionekane, na hilo ni jema. Lakini "it appears that" ni kauli yako wewe, na "it has been argued that" ni ya mtu mwingine, kwa hiyo inadai jina na mwaka. "It is believed that" bila jina ni uvumi. "One might expect prices to fall" inamwalika msomaji yeyote mwenye busara afikiri pamoja nawe; ukianza na "one" endelea nayo, usirukie "you". Ninachowaomba sana ni kwamba "it" isiwe maficho. "It was decided to exclude some respondents" haikubaliki, kwa kuwa aliyeamua ni wewe. Andika "I excluded" au "the researcher excluded", kadiri ya mwongozo wa chuo, kisha toa sababu.

Robert Boyle, mwanasayansi wa Uingereza, alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1661. Alisema anatumia "perhaps" na "it seems" kwa makusudi anapotoa maoni yake, lakini mambo aliyoyashuhudia huyasema kwa uthabiti. Gawanyeni tasnifu zenu vivyo hivyo. Katika matokeo, kama watu 40 walisema ndiyo, walisema ndiyo. Usiandike "it seems that 40 respondents agreed". Unapofika kwenye mjadala na kueleza kwa nini walikubali, hapo ndipo "may" inapohitajika.

Na kabla hamjakabidhi, wekeni ikisiri pembeni ya sura ya mjadala mzisome pamoja, dai kwa dai. Ikisiri huandikwa mwisho, mwandishi akiwa amechoka na nafasi ni finyu, na maneno ya tahadhari ndiyo hukatwa kwanza. Dai lililokuwa "may have contributed" katika mjadala hutokea likiwa "contributed" katika ikisiri, na ikisiri ndiyo wengi watakayoisoma.